Kinu cha Baba na Mdomo Wangu

Harufu ya mbao mbichi ilijaa uani kwetu masika yale yote, ikaingia hata kwenye uji. Tulikaa kwenye vilima vya Iringa, upande wa Mafinga, miaka ya hamsini, na Baba alikuwa akichonga gurudumu la kinu cha maji kama alichokiona misheni, ili kijito cha nyuma ya nyumba kisage mahindi badala ya migongo ya kina mama. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Ninajaribu tu. Tutaona." Mimi, binti wa miaka kumi ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni hadi kisimani, niliona jibu hilo linatia aibu. Basi nikamsaidia. Kisimani nikawatangazia kina mama kwamba kinu kiko tayari, kwamba kinamaliza debe zima kabla mtu hajafunga kilemba, na unga wake ni laini kama poda. Hakuna aliyenituma.

Jirani yetu Mama Veronika aliniamini. Binti yake alikuwa aolewe mwezi wa sita, na kwa kawaida majirani wangekusanyika wiki nzima kusaga mahindi ya harusi kwenye mawe. Akawaambia wasijisumbue. "Pumzikeni, jamani, safari hii maji ndiyo yatasaga!" Wakacheka, wakapumzika.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, akaleta magunia mawili. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani, baridi imetanda, na kijito kilichokuwa kikinguruma mwezi wa tatu sasa kilichuruzika kama mkojo wa mbuzi. Baba akafungua mfereji. Gurudumu likalia, likageuka nusu, likasimama. Akalisukuma kwa bega mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Likasimama tena.

"Baba Anna, si mlisema tayari?" Mama Veronika aliuliza.

Baba alinitazama. Mimi nilikuwa nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Nilisema mimi," Baba akajibu. "Nisamehe, mama."

Majirani wakaitwa mbio, mawe yakatandazwa, nami nikapewa langu. Nilisaga mpaka viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikaendelea kusaga. "Anna, mbona haya maji yako yana mikono?" mmoja alinitania. Mwingine akadakia, "Mwache, ndiye fundi mkuu huyo!" Walicheka huku jasho likiwadondoka, lakini hadi Jumamosi asubuhi hata gunia moja lilikuwa halijaisha. Wakwe walitengewa viazi, na ugali kidogo wenye chenga. Wazee wao walinawa, wakaonja, wakaaga jua likiwa bado juu. Nilimkuta Mama Veronika nyuma ya jiko, amevaa kitenge chake kipya, analia huku ameuma upindo wake ili bibi harusi asimsikie.

Mvua zikarudi. Kijito kikajaa, gurudumu likazunguka sawasawa, unga ukatoka mzuri kabisa. Baba akasimama mlangoni mwa kinu, amejaa vumbi jeupe hadi kope. Kina mama walipita na vikapu vyao vya mahindi, wakamwamkia kwa heshima, wakaenda kusaga kwenye mawe. Nilikimbia kisimani kuwaambia kwamba safari hii ni kweli. Nani angenisikiliza? Msimu wa pili Baba akazing'oa zile mbao, akajenga banda la kuku. Hakunigombeza hata siku moja, na ningefurahi kama angenichapa.

Siku hizi pale kijijini kuna mashine ya umeme, na kijana anayeiendesha ni bingwa wa kuahidi. Umeme ukikatika husema, "Dakika tano tu, Bibi." Dakika tano zikigeuka saa mbili nzima, wenzangu husonya, wakabeba madebe yao. Mimi hubaki. Kijana hunitania kwamba nimekosa kazi nyumbani, nami humwambia ni kweli. Lakini nimeshamwona mtu aliyesimama kando ya mashine yake nzima, akitazama mahindi ya watu yakimpita. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana pale mlangoni mwa kinu, naye hakuwa akikila.