Batterie ya Mama Iko Nyepesi

Kwetu tunapima kintu na mukono. Tate, baba ya papa, alitumika mu mugodi, papa naye, na bote balitufundisha: jiwe ya maana iko nzito, ya nyepesi tupa. Njo juu ya ile, siku mama alileta batterie ya lithium mu nyumba, niliibeba na palepale roho ilikataa. Batterie ya kubeba na mukono moja? Ile yetu ya zamani ilikuwa inavunja muntu mugongo.

"Mama, balikuibia."

"We unajua nini? Ulisomea wapi?"

"Ku téléphone."

Alicheka. Lakini mambo ya courant, ya umeme, nilijifundisha paka pale tu, na njo miye nilifunga panneau ya jua juu ya manjanja, mabati ya nyumba, na nyuzi zote.

Mama anauzisha samaki. Inatoka ku Kasenga, ku muto, inapita Kasomeno, inafika barafu imekwisha, inaingia mu congélateur, friji ya kugandisha, palepale. Courant ya muji inakuya vile inapenda. Ku Golf, kwa batajiri, beko na ma-générateur na sentinelle wa kulinda ku mulango. Shiye tulikuwa paka na ile panneau na ile batterie tu. Kama inakufa, samaki inaoza, na mama hana kintu ingine ya kutulisha.

Na ilikuwa inakufa. Kila mangaribi narudia kutoka ku kazi, nakuta maji inatiririka chini ya congélateur. Mama anageuza samaki, ananusa.

Siku moja niliacha kazi muchana, nilienda kwa ule alituuzishia, mukubwa moja wa Kivu. Nilimusema mbele ya bantu ba magasin yake: "We ni mwizi. Cobalt ya batterie inatoka hapa kwetu, inazunguka dunia, na weye unaturudishia carton ya bure?"

Hakukasirika. Ile njo iliniogopesha. Muntu unamutukana na ananyamaza, iko na kintu anaficha.

"Petit, umemaliza? Beba ngazi, tuende."

"Batterie iko chini. Ngazi ya nini?"

"Kinywa yako imechoka. Beba ngazi."

Mu parcelle yetu, ku nyumba, mama aliona ngazi, akasimama mbiyo. "Hapana kupanda. Manjanja imeoza."

Haikuoza. Nilitembea juu yake miye mwenyewe. Mukubwa alipanda, akaita toka juu: "Mama, hii kikwembe juu ya panneau, munakausha?"

Mama alinitazama. Nilielewa. Ku avenue yetu banaiba panneau na muchana. Nikitoka asubui, mama anapanda ku ukuta, anaifunika, bezi na majirani basione inang'aa. Mbele nirudie mangaribi, anaifunua. Bila jua, batterie ilikuwa inakunywa nini?

"Ni miye niliifunika," nilisema.

"Weye?" mukubwa aliuliza.

"Miye. Uko na shida?"

Aliangalia kikwembe, aliangalia ile mama alivaa ku kiuno. Zote mbili zilikuwa na maua ya namuna moja.

"Basi petit, uko na bikwembe bizuri." Aliikunja, akashuka, akamurudishia mama na mikono mbili.

Pale alitoka, mama alibakia anaangalia mulango. "Ule muntu," alisema, "sasa anajua njia ya kupanda."

Nilitaka kumujibu kama panneau na batterie alituuzisha yeye mwenyewe, ataiba ya nini. Lakini miye pia nilimuona vile alipima ukuta na macho. Nilivuta kiti mu parcelle, nikaikala, macho juu ya manjanja. Kikwembe ilikuwa ku magoti ya mama. Nyuma yetu congélateur ilianza kunguruma.