Kelele ya Mama Esperance

Bado naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, kule Riverside, Buffalo, nyumbani kwa mama yangu mdogo, Mama Esperance. Tumetoka kanisani, sombe, yale majani ya muhogo, iko mezani, nami nimejaa kiburi hadi kooni. Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamivu ya uhandisi wa umeme. Wazazi walikuwa Louisville, baba akipanga makasha ghalani, hivyo mama mdogo ndiye aliyenitunza. Kabla ya hapo, Columbus, nilisomea mawasiliano yasiyo na waya, na somo moja liliniingia damuni: kisicho ujumbe ni kelele, kichuje ukitupe.

Buffalo nikahamia kwenye ubongo. Tulitaka mtu asiye na mkono afikirie tu kukunja ngumi, na mkono wa bandia ukunje. Nikaomba watu kumi na wawili wavae kofia ya kunasa umeme wa kichwani. Taa ikiwaka, fikiria ngumi, ikizimika, pumzika. Mama Esperance alifumua misuko iliyosukwa kwa siku mbili nzima ili kofia yangu ikae sawa. Nani mwingine angenifanyia hivyo?

Basi mezani nikajigamba kwamba kesho napeleka makala kwa profesa, matokeo safi, ila mtu mmoja nimemtoa maana alikuwa kelele tupu.

"Huyo mmoja ni nani?" akauliza.

Nikainamia sahani. Akaelewa.

"Bon, haya. Nilifumua nywele, nikakaa saa mbili na ile kofia yako, ukanitupa. Uliniuliza?"

"Mama, kila taa ikizimika, kompyuta inaona vurugu."

"Donc, basi, taa ikizimika nilikuwa naomba. Nilikuwa naombea masomo yako. Mimi napumzikaka hivyo."

Taya, mwanangu. Mtu akiomba kwa kunong'ona, umeme wa misuli ya taya huufunika ule wa ubongo. Kwenye simu kelele haina mwenyewe. Hii ilikuwa na mwenyewe, tena aliyenilea. Niliona haya hata sombe ikanishinda, na sombe hainishindi ovyo.

Jumatatu nikamweleza profesa ukweli, nikijua huenda nikapoteza nafasi yangu. Alinikaripia vya kutosha, kisha akasema nimrudishe mama kwenye hesabu na nianze upya. Makala ilichelewa miezi, lakini ilitoka na akili zaidi, kwa sababu mwenye mkono wa bandia naye huomba, huimba na hutafuna. Mkono usiomvumilia akiomba, wa nini?

Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na mimi nililipia somo hilo kwa aibu. Kabla hujamtoa mtu kwenye hesabu zako, nenda kamuulize alikuwa akifanya nini. Usipeleke kazi yako mbele kwa kuwa tu imeonekana safi.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa cheo, mwanangu. Na akupe mtu wa kukuombea, hata pale unapomwambia apumzike.