Vigingi vya Bibi Ndege

Idara ya wanyamapori ilitangaza, kwa waraka wenye mihuri miwili, kwamba kila mwenye shamba ataacha bila kulima mita thelathini kutoka ukingo wa maji, na kwamba wataalamu watawaonyesha wakulima ukingo huo ulipo, kwa kuwa wakulima hawajui.

Mtaalamu aliyetumwa alikuwa mwanamke mwenye pikipiki, kofia ya jua na miaka tisa ya kukimbizwa na mbwa wa watu. Wakulima walimwita Bibi Ndege. Alikuwa na njia yake: hafungui faili kabla hajashika kazi. Akimkuta mtu anapalilia, anapalilia naye. Akimkuta anakama, anamshikia ndama. Wakubwa wake waliuita utaratibu huo kupoteza muda. Yeye aliuona ni nauli.

Mwaka huo roho yake ilikuwa juu juu kwa ajili ya shamba moja. Chini yake palibaki kinamasi cha mwisho ambamo korongo walitaga bondeni kote, na mwenye shamba alikwishakodi trekta la Jumatatu. Bibi Ndege alifika Ijumaa, akapukuchua mahindi nusu gunia bila kutaja ndege hata mmoja.

"Haya dada, sema," alisema mwenye shamba. "Hakuna anayenichubukia vidole bure."

Wakateremka bondeni. Kiangazi kilikuwa kimeukausha mto ukabaki uzi. Bibi Ndege alipima mita thelathini kutoka kwenye uzi huo, akapigilia vigingi. Kigingi cha mwisho kilipoingia ndipo aliponyanyua macho: matete yote ya korongo yalikuwa upande wa trekta. Alikuwa amepima sawasawa na waraka, na amewamaliza ndege kwa mkono wake.

Mwenye shamba alicheka mpaka akashika mbavu. "Unapima mto au kivuli cha mto? Masika maji yanafika kwenye kile kichaka cha miiba. Trekta limezama pale miaka miwili mfululizo. Mara ya pili tulilitoa kwa ng'ombe wanane na matusi."

"Sasa shemeji, mbona unapalima?"

"Kaka yangu alisema hapalimiki."

"Na mahindi yanatoka?"

"Yanatoka ya manjano, kama yametoroka hospitali."

Bibi Ndege alimeza kicheko. "Ng'ombe wako wanakula nini kiangazi?"

"Ahadi."

Akamweleza kwamba waraka unakataza kulima tu. Kukata majani, makinda wakisharuka, hauzungumzii kabisa. Mwenye shamba alikuna kidevu.

"Yaani niache pale pale paliponishinda, nipate majani, halafu nimwambie kaka yangu kwamba idara imenizuia?"

"Mwambie hivyo hivyo. Ukitaka, mwambie tumekuonea sana."

Mwenye shamba aling'oa vigingi mwenyewe, kimoja kimoja, akavipandisha hadi kwenye kichaka cha miiba na kuvigongomea kwa jiwe, huku akilalamika kwa sauti ili azoee. Jumatatu trekta lilikuja, likafika kwenye vigingi, likageuza.

Mvua zilipokolea, Bibi Ndege alirudi na buti zake, akahesabu viota vinne vya korongo. Vyote vilikuwa nje ya zile mita thelathini za kiangazi, ndani ya vigingi vya kichakani.