Silaha Aliyonichagulia Kogo

Naikumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, kwetu upande wa Roret, wakati chai ilikuwa bado ngeni na vilima vingi vilikuwa msitu mtupu. Nilikuwa msichana wa kuolewa, kama angetokea wa kunioa. Mguu wangu wa kushoto na mkono wa upande huohuo vilinyauka nikiwa mtoto, baada ya homa ambayo mama hakupenda kuizungumzia. Nilitembea kwa fimbo, nikiishika kwa mkono wa kulia.

Umenijia leo kuniuliza umnunulie nini binti yako, huyu anayetembea kwa mkongojo, apate kujilinda njiani. Umetaja kisu. Umetaja na kichupa cha kupuliza watu machoni. Sikukatazi. Lakini usinunue kitu kabla hujanisikiliza, na chai yako usiiache ipoe.

Siku hizo nilikuwa napeleka maziwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, ng'ambo ya msitu. Wengine wote nyumbani walikuwa kwenye palizi ya wimbi, na mimi jembe halikunitaka, kwa hiyo mama akanitwika kibuyu mgongoni nikaenda. Nilipenda kazi ile kuliko chakula. Nyumbani watu waliniita maskini, kwa huruma, na huruma nayo huchosha. Kule kambini niliitwa Cherono. Palikuwa na mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa na mumewe, Mama Atieno, mnene, mcheshi, ambaye akiniona kwa mbali alipaza sauti kwamba mwenye maziwa amefika. Hebu fikiria, mimi niwe mtu wa kusubiriwa.

Kisha binamu yangu akanyang'anywa kibuyu katika msitu uleule na kurudi analia, nguo imechanika. Baba akasema basi, Cherono haendi tena. Nitapelekwa kwa dada yangu aliyeolewa Sotik, nikakae ndani nimlelee watoto. Baba hakuwa mkatili. Aliogopa, na mwanamume akiogopa kwetu hutoa amri.

Kaka yangu Kibet ndiye aliyenitetea. Alikuwa kibarua wa kufyeka msitu, na jioni hiyo alikuja na panga. Alimwambia baba kwamba mtu mwenye panga haguswi. Baba akalipima makali kwa kidole gumba, akaridhika. Mimi nikalishika, na nitakwambia ukweli, nilijiona mrefu.

Kogo alikuwa ameketi karibu na zizi la ndama, akisugua vibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate harufu nzuri. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba, mdogo wa mwili, mkali wa ulimi. Akaweka kibuyu chini, akaja mbele yangu, akaniambia yeye ndiye mwizi, nimzuie.

Ili niinue panga ilibidi niiachie fimbo. Nilipoiachia tu, Kogo akanisukuma bega kwa vidole viwili. Nikaanguka kwenye samadi. Nilipofuta uso, panga lilikuwa mkononi mwake na amelielekeza shingoni mwangu.

"Sasa hili panga ni la nani?" akauliza.

Kibet akasema labda rungu. Kogo akaniinua, akanipa rungu, akanisukuma tena. Mjomba mmoja aliyekuwa akipita akataja mkuki, baba akakataa papo hapo, maana mkuki ni wa wanaume na binti hashiki chuma cha vita. Wakaanza kubishana mila, mimi nimesimama pale nimejaa samadi, hakuna hata mmoja anayenitazama.

Hapo Kogo akawakemea. "Mnamchagulia mtu ambaye hayupo," akasema. "Vichwani mwenu yuko Cherono wa miguu miwili, na huyo ndiye mnayemtafutia silaha. Huyu wangu ana mguu mmoja mzima na mkono mmoja mzima. Anzieni hapo."

Akanigeukia. Akaniuliza jambo ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kuulizwa: nikiwa namna gani sianguki? Nikafikiri. Nikamwambia, nikiwa nimekaa.

"Basi utakaa," akasema.

Baba aliruka kama aliyemwagiwa maji. Kwetu, mwanangu, kijana hufundishwa jandoni kwamba afadhali afe amesimama, na anayekaa chini mbele ya adui amejitoa. Watu wangesema binti wa fulani anawakalia wezi kama mbuzi anayesubiri kuchinjwa. Kogo akamwambia aibu hiyo aibebe mwenyewe, kwa kuwa ana miguu ya kuibebea. Mjukuu wake akisimama, mkono wake mmoja wa nguvu unafanya kazi ya mguu. Akikaa, mkono umepata nafasi. Nilisikia maneno hayo nikalia, na si kwa uchungu. Kumbe mkono ninao.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Silaha ya Kibet ilimfaa Kibet. Yangu ilikuwa fimbo aliyonitengenezea Kogo mwenyewe kutokana na mzeituni wa msituni, ule mti mgumu unaosumbua shoka. Urefu wake ulinifika kifuani, ili niegemee juu yake kama kawaida. Ncha ya chini aliichonga, akaikausha kwa moto hadi ikawa ngumu kama pembe. Chuma hakutia, kwa hiyo hakuna mzee ambaye angeweza kuiita mkuki. Juu akatoboa tundu, akapitisha ukanda wa ngozi wa kuvaa kifundoni mwa mkono, ili atakayeivuta fimbo asiondoke nayo.

Kisha akanifundisha. Ukimwona mtu usiyemwamini, tafuta ukingo wa njia au shina la mti, weka mgongo hapo, kaa. Usipunge fimbo hewani, maana anayepunga hupoteza nguvu na lengo. Choma mbele, chini, kwenye muundi na goti. Na kabla ya yote hayo piga nduru. Mimi nilifikiri nduru ni ya waoga. Kogo akasema kokwet, yaani majirani wa kilima kimoja, wamenyweshwa pombe na maziwa miaka yote ili siku ya nduru wainuke, na asiyewaita anawanyima kazi yao.

Kila asubuhi alinivamia. Bibi kizee yule, na mgongo wake unaomuuma, alijificha nyuma ya ndama akanirukia. Tulicheka hadi mama akatufukuza. Kibet naye akawa anajaribu, akapata kovu la muundi ambalo alipenda kuwaonyesha wasichana. Baba alitazama kutoka mbali. Mwishowe akasema niende.

Mwizi nilimkuta siku ya ukungu niliyoanza nayo, pale njia inapoteremka kabla ya shamba la chai. Sitasema alikuwa wa kabila gani, maana mwizi hana kabila. Alikitaka kibuyu kwanza. Kisha akanitazama vizuri, akatabasamu, na nikajua hatatosheka na maziwa. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa shina la mti.

Nikakaa.

Alicheka, mwanangu. Alifikiri nimekubali. Nikapiga nduru ambayo sikujua ninayo, na aliponijia nikachoma. Akaishika fimbo akaivuta, ukanda ukanikaza kifundo, nami badala ya kuvutana naye nikamfuata na ncha, ikamwingia juu ya goti. Akaenda chini akiguna. Kutoka kwenye chai nikasikia miguu ya watu. Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Atieno, amebeba mwiko wa ugali, unga bado umeganda juu yake.

"Wewe! Toka kwa mtoto yangu!" akamwambia.

Yule mtu akachechemea kuingia msituni, na sikumwona tena maishani. Mama Atieno akaketi kando yangu penye tope, akanikumbatia, mwiko na vyote. Kibuyu hakikuvunjika. Tulifika kambini nikagawa maziwa, na watu wakanywa.

Niliporudi nikawaeleza. Kogo aliuliza tu kama nilipiga nduru mapema au nilichelewa. Baba alitoka nje. Asubuhi nilimkuta ameshanifungulia lango la mti, amesimama kando, akanipa njia kama anavyompa mtu mzima. Hakuniuliza naenda na nani.

Sasa sikia nasaha yangu. Usiende dukani kwanza. Mwite binti yako, umuulize mwili wake unafanya nini vizuri: mkono upi una nguvu, akiwa amekaa au amesimama, anaona mbali au karibu, sauti yake inafika wapi. Umwamini akikujibu, kwa kuwa anaishi humo na wewe ni mgeni. Kitu chochote utakachompa, mshike umnyang'anye. Ukiweza kukichukua, adui naye ataweza, basi kitupe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala kisu kilichofichwa ndani ya mkoba mkono ukiwa kwenye mkongojo. Mfanyizeni mazoezi, ninyi nyumba nzima, mchekeshane, maana mwili unaoogopa hausahau ulichojifunza kwa kicheko. Mwonyeshe ni milango ipi njiani itakayofunguka akipiga nduru. Na usimfungie ndani kwa jina la upendo. Msitu haukunitisha kama ile safari ya kwenda kukaa Sotik.

Nenda, mwanangu. Asis, Mungu wetu aliye juu, amwangazie binti yako njia. Mkono wake uwe na nguvu, mgongo wake upate pa kuegemea, na kila atakapopaza sauti, asikose mtu wa kuja mbio, hata kama ni na mwiko.