Jina Nililokataa Kulitaja

Mwaka 1997 nilikuwa mlinzi wa chuo kimoja karibu na Usa River. Wanafunzi waligoma, wakitaka jina la Hargrave ling'olewe kwenye ukumbi wao. Huyo Hargrave, mwekezaji aliyeujenga, alikuwa ameshafariki. Enzi zake aliuziwa shamba la serikali, akatuchomea maboma sisi wafugaji tuliokuwa tukiishi humo. Bodi ya chuo ikadai shahidi.

Anneth, kiongozi wa mgomo, akanifuata getini.

"Shikamoo, baba Lerionka. Boma lako lilichomwa. Njoo uwaambie."

"Marahaba, mwanangu. Kwetu Wamaasai hatutaji jina la marehemu."

Mila hiyo ipo kweli. Yeye Mchaga akaiheshimu, akaenda mbele ya bodi peke yake. Wakamwita mzushi, wakamfukuza chuo.

Mila gani! Mwongo mkubwa mimi. Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi.

Siku anaondoka alipita getini na godoro kichwani, akaniamkia vilevile kwa heshima. Hajafika hata barabarani, gari la wageni likasimama. Dereva akauliza mkutano uko wapi.

Nikamjibu kwa sauti, Anneth akisikia: "Ukumbi wa Hargrave, mzee. Nyoosha tu."