Simu Iliishia Sebuleni

Mwandishi alikuwa na sharti moja: simu isivuke mlango wa chumba alimolala binti yake mgonjwa. Sebuleni ilikuwa ruhusa. Kila asubuhi aliiegemeza kwenye birika la chai, akaifuta kioo kwa pindo la gauni, kisha akawasomea wafuasi wake wa mtandaoni ukurasa mmoja wa riwaya yake, kwa sauti ileile aliyowakemea nayo watoto wa jirani. Maoni aliyajibu yote, hata matusi. Aliyemwandikia "bibi, kalale" alijibiwa, "Nimeshaamka, mwanangu. Sasa tusome."

Siku moja ofisa masoko wa mchapishaji alikuja kumsaidia kurekodi. Riwaya ilimhusu mama anayemuuguza mwanawe, na ofisa hakuona haja ya kuzunguka. "Mama, kurasa haziuzi. Tumwonyeshe binti kitandani, kidogo tu. Watu wakilia, wananunua." Mara binti akaita, anataka maji. Ofisa akainyakua simu, akaielekeza chumbani. Mwandishi akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, kamera ikaona gauni lake tu.

"Wanaotaka kulia waende msibani. Mimi nauza kitabu, siuzi mtoto."

"Utajuta, mama. Bosi hataelewa."

"Basi mweleze polepole. Na simu ni yangu, iweke mezani."

Akampelekea binti maji, akarudi kusoma ukurasa wake. Mchapishaji aliacha kukitangaza kitabu kile, na riwaya ya pili ya mwandishi, iliyokuwa imekamilika, hakuichapisha.