Kitabu cha Arobaini na Mbili

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huku Likoni, nilimsumbua mwalimu mkuu mpaka akachoka nami. Nilitaka kabati la vitabu lifunguliwe likizo ya Agosti, watoto waje kusoma asubuhi na kila mmoja aazime kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Kabati hilo ndilo lililokuwa maktaba yetu yote: vitabu arobaini na viwili, kufuli moja, na mende. Mwishowe akanipa ufunguo, akiushika kwa vidole viwili kama anayenipa kaa aliye hai.

"Jumamosi ya mwisho afisa wa elimu atakuja kuvihesabu," alisema. "Kikipungua kimoja, ufunguo utarudi kwangu, na habari ya vitabu na likizo tusiisikie tena."

Watoto walikuja wengi kuliko viti. Aliyenipendeza zaidi alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, kutoka njia ya Shelly Beach. Alisoma akiyumba mbele na nyuma, kwa sauti ya kughani, kama alivyozoea chuoni alikosomea Kurani. Nilimtania kwa hilo, ingawa mimi pia nililelewa chuoni na nilijua vyema mwili ule ulijifunza wapi. Wiki ya pili nikamwazima kitabu kinene kuliko vyote, cha hadithi za wanyama, na nikamwambia akimaliza hicho atakuwa msomaji kamili.

Hakurudi. Wiki ya mwisho ilipofika nilikuwa na vitabu arobaini na kimoja. Nilivihesabu asubuhi, nikavihesabu adhuhuri, nikainama hata chini ya kabati. Usingizi ukanipaa. Alhamisi sikuweza kungoja tena, nikajitupia buibui langu nikaenda kwao.

Nyanyake alikuwa barazani akipepeta mchele pamoja na jirani wawili. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako." Sikukaa. Nilimuuliza kitabu kiko wapi.

"Kipo. Kipo mahali pema."

"Basi nipe niende nacho, bibi."

"Leo hakitoki, mwanangu. Babake mtoto yuko kazini Kipevu, yuwarudi kesho. Jumamosi kitakuja, inshallah."

Nilimweleza kwamba Jumamosi ndiyo siku ya afisa. Akatabasamu, akasema ni vyema, na aje. Wale jirani wakatazamana wakacheka kidogo. Nilichokiona mimi ni kwamba kitabu kimepotea au kimelowa, na wazee hawa wananizungusha. Nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema ulimi wangu hutoka nyumbani kabla yangu. Siku hiyo ulitoka.

"Semeni tu kwamba mtoto wenu ni mwizi," nilisema. "Ameiba kitabu cha serikali, nanyi mwamficha."

Ungo ulisimama. Nyuma ya pazia la mlango niliona miguu miwili midogo, haitikisiki.  Nyanyake alichagua chuya moja kwenye mchele, akaitupa, kisha akasema, "Haya, mwalimu." Lile neno "mwanangu" lilikuwa limekwisha. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba haki iko upande wangu.

Jumamosi saa nne afisa, Mzungu mmoja mrefu asiye na maneno mengi, alitoa vitabu kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Alipofika arobaini na kimoja akatazama ndani ya kabati tupu. Mwalimu mkuu hakunitazama; alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Niliuweka ufunguo pale. Ulikuwa umelowa jasho langu.

Hapo tukasikia hodi.

Aliingia yule bibi, na nyuma yake wale jirani wawili na mwanamume aliyevaa kanzu safi, babake mtoto. Bibi alibeba sinia lililofunikwa kawa. Harufu ya udi iliingia kabla yao. Alilitua mezani mbele yangu, akafunua: mkate wa sinia, sahani ya halua, na katikati kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kilichonyunyiziwa marashi. Sikuhitaji kukifungua. Mama yangu alibeba sinia kama lile siku niliyohitimu msahafu, na mwalimu wangu wa chuo hakuambiwa lolote mpaka lilipotua mbele yake. Nami nilikuwa nimemwambia mtoto yule kwamba akimaliza atakuwa msomaji kamili. Kwao hilo halikuwa neno la kutupa.

"Mjukuu wangu amehitimu," alisema bibi. "Ametusomea chote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kitabu hakirudi kwa mwalimu mikono mitupu."

Afisa alikinusa kitabu, akashangaa, akatia alama yake ya mwisho. Mwalimu mkuu akanirudishia ufunguo huku akichekelea halua. Kabati lingefunguliwa tena Desemba. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nami niliona aibu.

Katika desturi yetu anayehitimu ndiye hutangulia mbele, amevaa nguo mpya, amebeba kitabu mwenyewe. Niliangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Mwenyewe yuko wapi, bibi?"

"Nyumbani. Nguo yake i kitandani, babake amekuja nayo jana." Alikuwa akikata mkate, hakuinua uso. "Asema mwizi habebi kitabu mbele ya watu."

Nikaanza kuomba radhi. Bibi alinisukumia kipande cha kwanza, kile cha mwalimu.

"Kula, mwalimu," alisema. "Ni haki yako."